Kilo Kumi na Tisa

Usiku wa kuamkia safari nililala Tororo,
kwenye veranda ya parokia, kichwa juu ya begi
lililovimba kama ndama aliyeiba mtama mbichi.

Sweta, endapo Mabira kutakuwa na baridi.
Sweta la pili, endapo la kwanza litalowa.
Sufuria na mfuniko wake. Mchele kilo tatu,
endapo huko mbele watu hawali.
Ndala, raba, na viatu vya kisigino
vya kuingilia Namugongo.
Mwavuli. Mwavuli wa mama mkwe,
ambao hajui kwamba ameniazima.
Mtungi wa lita tano, mtupu, wa maji ya baraka
yaliyoagizwa na nusu ya kijiji.
Na chini kabisa, imeviringwa kwa kitenge,
pasi ya mkaa.

Alfajiri sikuweza kusimama.
Nilivaa mikanda, nikasukuma magoti,
begi likanirudisha chini, nikakaa
miguu mbele, kama mtoto anayesubiri uji.
Wenzangu walishakata kona wakiimba.

Aliyecheka alikuwa mnunuzi wa mahindi
akifungua duka ng'ambo ya barabara.
Hakuniuliza jina wala dhehebu.
Alilitundika begi kwenye mizani yake,
mshale ukayumba, ukatafuta pa kukaa.
"Kumi na tisa. Ingekuwa mahindi ningekulipa.
Kilomita mia mbili, mama. Nani atakulipa?"

Akatandika turubai, tukamwaga.
Barabara nzima ikaja na maoni.
Kijana wa boda akavua kiatu
atuonyeshe kidole cha mwaka juzi:
"Ukucha huu niliuacha Lugazi."
Fundi viatu, Twaibu, akachukua vile vya kisigino
kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya,
akaviweka mbali. Raba akazishona upya.
"Mimi Mwislamu, huko siendi," akasema,
"lakini miguu naijua."

Mchele ulienda. Sufuria ikaenda.
Sweta la pili niliachia bila vita.
Mwavuli mmoja ukabaki, tukauchagua
kwa kuifungua yote miwili uani,
na wa mama mkwe ndio ulioshinda.
Mtungi niliutetea: "Mtupu hauna uzito!"
"Una uzito wa kurudi," akasema mwenye duka,
akanipa chupa ya soda.

Tukafika kwenye pasi.
Nikasema siwezi kusimama mbele ya Mashahidi
na gauni lenye mikunjo.
Pakawa kimya. Hata wa boda aliangalia kando.
Yule mama akaipima mkononi, akasema polepole:
"Waliofungwa matete wakachomwa moto
watakagua gauni lako?"

Sikumjibu. Niliifungua pasi,
nikakung'uta majivu ya nyumbani kwangu
juu ya changarawe, nikamkabidhi.
"Itumie," nikasema. "Isikae bure."

Akaniandikia stakabadhi, ya mahindi,
amekata neno mahindi:
*pasi moja, sufuria moja, mwavuli mmoja mbovu.*
Chini yake muhuri, na jina: Asekenye.
Ndivyo nilivyolijua.

Mshale ulisimama kwenye sita.
Twaibu alikataa hela.
"Mkifika kule mnakoomba, taja goti langu, la kushoto.
Mungu atajua ni la nani."

Siku ya pili, kabla ya Bugiri, mguu umetota,
nilitafuta soksi kavu. Ndani yake karanga,
za kukaanga, nusu kilo nzima,
na sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha uzi mweusi.
Mizani ile, basi, ilisema sita
na baada yake mtu akaongeza.

Iganga tulilala sakafuni, darasa la nne.
Gauni langu lilikuwa ramani ya mito.
Nililinyoosha kwa kiganja, mara mbili, nikaacha,
nikafikiri: kesho Jumapili.
Kule Tororo kuna mtu
anatoka nje na shati lililonyooka.